Kilowati-saa, si "kilowati kwa saa"

Neno "uniti" limeingia katika Kiswahili cha Tanzania kwa milango miwili. Anunuaye umeme wa LUKU hukusudia kilowati-saa moja. Alipaye ankara ya maji hukusudia mita moja ya ujazo, yaani lita 1000, au ndoo 50 za lita 20. Muktadha hutosha kuzitenganisha maana hizo. Tatizo huanza pale mwandishi anapotaka kulifafanua neno, akaandika kwamba uniti ya umeme ni "kilowati kwa saa".

Katika visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa tegemeo la maji ya jiji hilo, uniti zote mbili hukutana kwenye pampu. Tuseme pampu moja hutoa mita za ujazo 100 kwa saa. Hapa "kwa" hugawanya: ujazo kwa muda. Ikizimwa baada ya nusu saa, itakuwa imetoa mita za ujazo 50, ingawa kasi yake ilikuwa ile ile. Tuseme tena pampu hiyo ina nguvu ya kilowati 40. Ikiendeshwa saa tatu, hutumia kilowati-saa 120, kwa kuwa hapa muda huzidishwa. Kilowati yenyewe tayari ni kasi, jouli 1000 kila sekunde. "Kilowati kwa saa" ingekuwa kasi ya kuongezeka kwa nguvu, jambo la mitambo inayowashwa, wala si la ankara.

Kosa hili lina udhuru wake katika sarufi. Kihusishi "kwa" hutaja pia kipindi: mtu hulima kwa saa tatu. Kwa hiyo "pampu ilitumia kilowati 40 kwa saa tatu" ni sentensi sahihi kabisa. Lakini "ilitoa mita za ujazo 100 kwa saa mbili" ni jumla, na mfasiri akiliacha neno "mbili" amekwisha kuizidisha kasi ya kisima maradufu. Ni heri kuandika "kwa kila saa" penye kasi, na "kwa muda wa saa" penye kipindi.

Kistari nacho kisidharauliwe. Imeandikwapo "pampu ilitumia kilowati 40 saa 3", msomaji wa Kiswahili haoni kuzidisha. Anaona saa tatu asubuhi.