Kenya Haina Vita na Mtu, So Navy Inafanya Nini Huko Mtongwe? Shika Rada

Cheki mafuta ya ile nduthi ilikufikisha tao leo, ngano ya chapo ulizokula jana na hiyo mtumba umevaa. Mob ya hizi vitu ziliingia nchi kupitia bandari ya Mombasa. Hata bando unachoma saa hii inategemea nyaya zilizolala chini ya bahari, kama ile ya TEAMS iliyofika Mombasa mwaka wa 2009. Kwa hivyo msee akikuuliza mbona tunalipa kodi ya kuweka wanajeshi baharini na hakuna mtu anatupiga, mpe hii stori yote.

Adui ni wa aina mbili

Wa kwanza ni yule wa kawaida: jeshi la nchi nyingine. Ana bendera, ana manowari, ana makombora, na unajua anatokea wapi. Usidhani mambo ya mipaka ya bahari ni ya vitabu tu. Kenya na Somalia zilivutana mpaka The Hague, na uamuzi ulipotoka Oktoba 12, 2021, serikali yetu ikaukataa. Hiyo imebaki kwa karatasi na wanadiplomasia, na tuombe ibaki hapo. Lakini Navy haiwezi kupangia kazi kwa maombi.

Wa pili hana yunifomu. Ni haramia, gaidi, muuza unga ama mwizi wa samaki. Anakuja na kaboti kadogo, injini imefungwa nyuma, na ukimwona kwa umbali utadhani ni mvuvi anatafuta riziki. Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliteka meli ya MV Faina ikiwa njiani kuja Mombasa, na ndani ilikuwa na vifaru 33. Iliachiliwa Februari 2009 baada ya fidia kulipwa. Miezi miwili baadaye wakavamia Maersk Alabama, nayo ilikuwa inakuja hapa hapa Mombasa. Kama uliona filamu ya Captain Phillips, ndio hiyo stori.

Ukijipanga kwa mmoja, mwingine anakupata

Oktoba 12, 2000, USS Cole ya Marekani ilikuwa imesimama bandari ya Aden, Yemen, ikiongeza mafuta. Hiyo ni manowari ya makombora, mitambo yake ya rada inaona ndege zikiwa mbali kabisa. Kaboti kamoja kenye vilipuzi kakasonga karibu na kulipuka. Mabaharia 17 walikufa. Meli ilikuwa fiti kwa vita vikubwa, lakini haikuwa tayari kwa wasee wawili ndani ya boti.

Sisi tulijaribu kuegemea upande ule mwingine. KNS Nyayo na KNS Umoja zilikuja miaka ya 80 zikiwa na makombora ya kupiga meli. Zilipopelekwa Italia kutengenezwa upya, zilirudi 2011 bila hayo makombora, zikiwa za kupiga doria. Kwa wakati huo ilimake sense, juu shida kubwa ilikuwa maharamia.

Halafu dunia ikageuka. Novemba 19, 2023, Wahouthi wa Yemen walishuka na helikopta juu ya meli ya Galaxy Leader kwenye Bahari ya Shamu wakaiteka. Baada ya hapo wakaanza kurushia meli droni na makombora. Hawa ni wanamgambo, lakini silaha zao ni za serikali. Ule mstari wa kutenganisha adui wa kawaida na yule wa kichochoroni umefutika. Na meli zilipokimbia hiyo njia na kuzunguka Afrika Kusini, safari zikawa ndefu na gharama ikapanda.

Kuwa tayari ni kufanya nini hasa?

Kwanza, meli kuwa nyingi kwa karatasi haimaanishi chochote. Hesabu ambayo majeshi mengi ya majini hutumia ni hii: ukiwa na meli tatu, moja iko kazini, moja iko mazoezini na moja iko gereji. Chumvi inakula chuma, injini zinachoka. Ukiruka matengenezo ili uonekane uko na meli mob baharini, kesho zote zitakuwa zimefungwa gatini.

Pili, mafunzo ni mawili kwa mtu mmoja. Kwa vita, baharia anafunzwa kupiga kwanza. Kwa haramia ama muuza unga, lazima akamate, ahifadhi ushahidi na aulete kortini. Washukiwa wa uharamia walishtakiwa hapa Kenya, na Shimo la Tewa ikajengewa chumba maalum cha mahakama. Baharia akiharibu ushahidi, mshukiwa anatembea.

Tatu, vifaa vinavyofanya kazi zaidi ya moja. Septemba 28, 2012, KDF ilishuka ufuoni Kismayu ikitokea baharini kuwatoa Al-Shabaab. Hiyo huwezi kuifanya na boti za doria peke yake.

Nne, linda kwako. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Walipitia nchi kavu.

Ndio maana 2018 Kenya ilianzisha Huduma ya Walinzi wa Pwani. Wao washughulike na wavuvi haramu na magendo, ndio Navy ipate muda wa kujinoa kwa vita. Mpango uko poa, lakini walinzi wakikosa boti na mafuta, hiyo kazi inarudi kwa Navy, na mazoezi ya vita ndio yanaachwa kwanza. Hakuna mtu atagundua hadi siku mambo yachemke.

So bajeti ya ulinzi ikisomwa tena, usidanganywe na picha ya meli mpya ikikatiwa utepe. Uliza mjumbe wako maswali mawili: pesa ya matengenezo ni ngapi, na ni meli ngapi zinaweza kung'oa nanga Mtongwe usiku wa leo?