Gitaa la Kwanza Lisiwe Adui wa Vidole

Si ajabu, katika nyumba za askari, kuona gitaa limetundikwa ukutani likiwa limejaa vumbi na nyuzi zake mbili zimekatika. Lilinunuliwa kwa furaha siku ya mshahara. Baba alirudi nalo begani, watoto wakamlaki mlangoni, na usiku ule nyumba nzima ilichelewa kulala. Baada ya wiki tatu kijana akaanza kulalamika kwamba vidole vinamwuma. Wiki ya sita akaliacha kabisa. Baba akasema mtoto hana bidii. Mama akasema fedha zile zingenunua sare za shule. Na kijana mwenyewe akaamini kwamba hakuzaliwa na kipaji. Mara nyingi wote watatu hukosea. Kilichoshindwa si kijana, bali ni gitaa.

Gitaa na askari ni marafiki wa zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Fundi Konde, mwana wa pwani ya Kenya, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles, akiwapigia muziki wenzake waliokuwa vitani mbali na makwao. Vita vilipokwisha, baadhi ya wanamuziki wa kikosi hicho walianzisha bendi ya Rhino Boys, iliyoanzia Kampala. Huko Katanga nako, Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, akamrekodi. Kijana huyo alicharaza kwa kidole gumba na cha shahada tu, lakini msikilizaji angeweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Alipigia gitaa kavu, yaani lile lisilohitaji umeme.

Basi mtu anayetaka kuanza na ajiulize kwanza anataka kupiga muziki gani, kwa sababu magitaa ni ya aina tatu. La kwanza ni gitaa kavu la nyuzi za nailoni. Shingo yake ni pana, na nyuzi zake ni laini kwa vidole vichanga. La pili ni gitaa kavu la nyuzi za chuma. Sauti yake ni kali na yenye kung'aa, shingo yake ni nyembamba, lakini nyuzi zake huuma zaidi siku za mwanzo. La tatu ni gitaa la umeme. Nyuzi zake nyembamba hubonyezeka kwa urahisi. Hata hivyo linadai amplifaya, waya na umeme, na anayehesabu bei ya gitaa peke yake atajikuta amenunua nusu ya chombo.

Kwa mwanafunzi asiye na mwalimu wala umeme wa hakika, gitaa la nailoni ni mwanzo mwema. Lakini kuna onyo moja kubwa: nyuzi za chuma zisifungwe kamwe katika gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40, na za chuma hupita kilo 70. Gitaa lisilojengwa kubeba mzigo huo hupinda shingo, na hatimaye daraja linaloshika nyuzi hung'oka tumboni.

Kimo nacho kiangaliwe. Katika gitaa kamili, sehemu ya uzi inayotoa sauti ina urefu wa sentimita 65 hivi. Mtoto wa miaka minane akipewa hilo, mkono hautafika mwisho wa shingo bila taabu. Yapo magitaa ya robo tatu yaliyofanywa kwa ajili ya mikono midogo, nayo si vichezeo. Na anayetumia mkono wa kushoto amweleze mwuza duka mapema, maana lipo gitaa la mkono wake, ambalo mpango wa nyuzi umegeuzwa.

Hapo ndipo mnunuzi aingie dukani, ikiwezekana pamoja na mtu ajuaye kupiga. Rangi, maua yaliyochorwa na jina lililoandikwa kichwani visimshughulishe. Kuna mambo matano ya kukagua.

Kwanza, ainue gitaa na kutazama shingo kwa urefu wake, jicho moja limefungwa, kama alengavyo shabaha. Shingo iwe nyofu. Mbonyeo mdogo sana kwenda mbele hauna neno, lakini iliyopinda kama upinde au iliyojisokota iachwe dukani.

Pili, apime kimo cha nyuzi. Vipau vya chuma vilivyopandwa kwenye shingo huhesabiwa kutoka kichwani. Katika kipau cha 12, nafasi kati ya uzi mnene na kipau iwe karibu milimita 4 kwa gitaa la nailoni, na kati ya 2 na 3 kwa gitaa la chuma. Ikipita milimita 5, hilo ndilo gitaa linaloumiza vidole na kuwakatisha watoto tamaa. Kisha abonyeze kila uzi kwenye kipau cha kwanza. Ikiwa hapo panadai nguvu nyingi, mifereji ya kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwanzo wa shingo haijachongwa vya kutosha.

Tatu, asikilize ukweli wa sauti. Kipau cha 12 kiko katikati ya uzi. Kwa hiyo uzi ukibonyezwa hapo hauna budi kutoa sauti ile ile ya uzi mtupu, ila juu kwa oktava moja. Zikitofautiana waziwazi, gitaa hilo halitalingana hata likazwe vipi, na sikio la mwanafunzi litafundishwa makosa.

Nne, abonyeze kila uzi katika kila kipau, kimoja kimoja, akisikiliza kama kuna mahali panapokoroma. Apitishe pia kidole pembeni mwa shingo; ncha za vipau zisikwaruze.

Tano, ageuze vile vifungo vya kukazia nyuzi. Viwe vizito kidogo na viende taratibu. Vinavyoteleza havitashika sauti hata kwa wimbo mmoja.

Hakuna aibu katika gitaa la mbao za tabaka zilizogundishwa. Lile la ubao mmoja mzima huimba vizuri zaidi, lakini hupasuka upesi likipelekwa kutoka penye unyevu hadi penye ukavu. Kwa familia ambayo leo iko ziwani na mwakani itahamishiwa nyanda kavu, mbao za tabaka ni stahimilivu. Gitaa lililotumika nalo laweza kuwa bora kuliko jipya la bei ile ile, mradi lipite ukaguzi huo wote, na karatasi nyembamba isiweze kupenya chini ya daraja.

Likifika nyumbani, lisiwekwe chini ya mabati yenye joto wala ndani ya gari juani, kwani joto hulegeza gundi. Dakika 20 kila siku zafaa kuliko saa tatu za Jumapili. Ncha za vidole zitauma kidogo hata kwenye gitaa jema, lakini baada ya wiki chache ngozi huwa ngumu na maumivu huisha. Maumivu yasiyopungua ni dalili ya kulikagua gitaa tena.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Hata hivyo, si kila gitaa la bei ndogo ni baya, na si kila lililotundikwa limekufa. Lile la ukutani literemshwe, lifutwe vumbi, lipimwe kwenye kipau cha 12. Mara nyingi fundi ajuaye kazi yake huweza kuchonga mifereji ya mwanzo wa shingo, kupunguza kile kipande cha daraja kinachoinua nyuzi, na kufunga nyuzi mpya, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya gitaa jingine. Kisha mtoto akabidhiwe kwa mara ya pili, bila lawama. Huenda jioni ile ile baba akasikia, kutoka chumba cha pili, sauti ambayo mwanawe alidhaniwa hana uwezo wa kuitoa.