Kupunguza unene: Panga kwanza saa za kula



Watu wengi wanaotaka kupunguza unene huanza kwa kujinyima. Asubuhi hunywa chai tupu, mchana hawali kabisa, na njaa ikiwauma hujipa moyo kuwa mafuta yanayeyuka. Ikifika jioni mwili haustahimili tena. Wanaanza na bagia wakati chakula kinapikwa, inafuata sahani iliyojaa wali, kisha nyongeza, na saa 4 usiku wanapanda kitandani tumbo likiwa zito. Baada ya wiki tatu mizani inaonyesha uzito ule ule, au umezidi. Hapo wengi hukata tamaa wakasema unene wao ni wa kurithi.

Ni kweli kurithi kupo, lakini kwa wengi tatizo lipo katika mpangilio wa kula. Anayetaka kupungua na abaki amepungua, aanze kwa kupanga saa za kula.

Kwa nini tujali?

Katika jamii yetu unene umezoeleka kuwa dalili ya maisha mazuri. Lakini mafuta yanayojaa tumboni huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Magoti nayo huchoka. Wapo wanaoswali juu ya kiti wakiwa bado si wazee, kwa sababu magoti hayawezi tena kubeba mwili wakati wa kusujudu.

Chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno chako. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kuongezeka kwa mwanamke anayezidi sentimita 80 na mwanaume anayezidi sentimita 94.

Kujinyima hakudumu

Uzito unaopungua haraka siku za mwanzo mwingi huwa ni maji. Mtu akizidi kujinyima hupoteza na misuli, na misuli ikipungua mwili huhitaji chakula kidogo kuliko mwanzo. Siku akirudia kula kama zamani, hunenepa upesi. Dawa za kuharisha zinazouzwa mitaani kwa jina la dawa za unene nazo hutoa maji. Mafuta hubaki pale pale.

Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Mtu akipunguza kalori 500 kila siku, atapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Huo ndio mwendo salama: nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Anayekuahidi kilo 10 kwa wiki moja anakudanganya.

Saa za kula

Nyumba ya Kiislamu tayari ina saa isiyohitaji betri, nayo ni adhana. Huku kwetu Afrika Mashariki nyakati za swala hazibadiliki sana mwaka mzima, hivyo ni rahisi kuzifuata.

1. Chakula cha asubuhi kiwe baada ya Alfajiri, kabla ya kuanza kazi. Muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, yai, uji usio na sukari nyingi au tunda vinatosha.

2. Chakula cha mchana kiwe baada ya Adhuhuri. Hiki ndicho kiwe kikubwa kuliko vingine, kwa kuwa bado una kazi mbele yako.

3. Chakula cha usiku kiwe kati ya Magharibi na Isha, nacho kiwe chepesi. Ukimaliza, jiko lifungwe. Kutembea kwenda msikitini kwa swala ya Isha na kurudi ni mazoezi mazuri baada ya kula.

Asiyekula mchana huihamishia njaa yake usiku, na njaa ya kutwa haina kipimo. Anayejua kuwa chakula kipo saa fulani hana haja ya kujaza tumbo kwa hofu.

Vinavyoingia katikati

Mara nyingi kinachonenepesha hakiko katika milo mitatu. Mama anayepika hudokoa, akaonja mara tano, kisha akamalizia masazo ya watoto ili yasitupwe. Nia ni njema, lakini masazo hayo ni mlo wa nne. Wapakulie watoto kidogo, wasiposhiba waongezewe. Kinachobaki chunguni kihifadhiwe.

Baba naye hunywa chai kila anapopita. Vikombe 4 kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vya sukari, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Baba huyu hajagusa soda bado. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Sahani na sinia

Gawa sahani yako: nusu iwe mboga za majani kama mchicha au matembele, robo iwe kitoweo kama samaki, kunde au choroko, na robo iwe wali au ugali. Wengi wetu tumezoea wali kujaa sahani na mchicha kukaa pembeni.

Mnaokula sinia moja, mboga iwekwe nyingi katikati na kila mtu ale mbele yake. Kula polepole, kwani mwili huchukua kama dakika 20 kutambua kuwa umeshiba. Anayekula haraka huwa amepita kiasi kabla taarifa haijafika.

Hesabu ya mafuta

Angalia lita ya mafuta ya kupikia hukaa siku ngapi nyumbani kwako. Familia ya watu 5 inayomaliza lita 1 kwa siku 5, kila mmoja anakula takriban kalori 330 za mafuta kwa siku. Lita hiyo ikikaa siku 10, nusu yake imeondoka na fedha imebaki mfukoni. Pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, na siku nyingine pika chukuchuku. Tui la nazi pia lina mafuta mengi.

Mapishi haya yawe ya nyumba nzima. Asipikiwe peke yake yule mnene kama mgonjwa, maana hatadumu.

Ramadhani

Swaumu ni ibada, lakini wapo wanaotoka mwezi huo wamenenepa. Sababu ni futari ya vya kukaanga, kalimati na vinywaji vitamu, ikifuatwa na kula mfululizo hadi usiku wa manane. Utaratibu ni ule ule: futari ya wastani, daku karibu na Alfajiri, na usiku usigeuzwe mchana wa kula.

Tahadhari

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge asibadili saa za kula bila kuzungumza na daktari, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Mjamzito na anayenyonyesha nao wapate ushauri kwanza.

Usipime uzito kila siku. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ile ile. Mwenye kilo 90 akifikia 85 bado ataonekana mnene machoni pa watu, lakini upungufu huo unatosha kuanza kushusha shinikizo la damu na sukari. Anza leo na jambo moja: chakula cha usiku kiliwe kabla ya Isha. Ukilizoea, ongeza la pili.

Tukutane wiki ijayo, In shaa Allah.