Madaftari ya Mayahudi na Kumbukumbu za Wazee wa Meru na Embu

Katika karne zilizopita, jumuiya za Mayahudi wa Ulaya zilikuwa na daftari kubwa, liitwalo pinkasi, ambamo katibu aliandika majina ya wakuu waliochaguliwa, kodi, sadaka za mafukara, hukumu za ugomvi, na hata nani mwenye haki ya kukaa kiti kipi katika sinagogi, jambo ambalo kwangu lafunua maisha ya watu kuliko hukumu zote. Baraza lao kuu la Poland lilipovunjwa mwaka 1764, kumbukumbu zake nyingi zilipotea, hata mwanachuoni Israel Halperin akazikusanya upya kutoka nakala zilizotawanyika, akazichapisha Jerusalem mwaka 1945.

Huku Meru, nchini Kenya, wazee wa baraza la Njuri Ncheke, ambao makao yao yako Nchiru, walikata mashauri ya namna hiyo bila ya karatasi: sharia ilitangazwa kwa mdomo, ikathibitishwa kwa kiapo, na zama zake zikajulikana kwa majina ya marika, kama Ratanya, Lubetaa na Miriti. Embu nako, mwanahistoria H. S. K. Mwaniki aliwaendea wazee wangali hai, akawahoji, na mahojiano hayo yakatoka kitabuni mwaka 1974. Hidaya kubwa, kwani wasemaji wale sasa hawaulizwi tena.