Sukari, Chumvi na Mlango wa Seli

Miongoni mwa elimu tulizozifungia darasani na kuzinyima ruhusa ya kuingia jikoni, sioni iliyo na faida kubwa kuliko elimu ya seli. Chini ya mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliichora seli katika daftari lake la bayolojia, akaitia kiini, akaizungushia utando, kisha akakariri kwa Kiingereza kanuni za maji kupenya utandoni. Alitumbukiza vipande vya viazi katika maji ya chumvi na katika maji matupu, akavipima, akaandika majibu na kutiwa alama. Mtihani ulipokwisha, daftari likatupwa darini. Miaka michache baadaye mwanafunzi yuyo huyo amekuwa mzazi, mtoto wake anahara, naye hana habari kwamba siri ya kumwokoa mwanawe ilikuwa ndani ya bilauri ile ya viazi.

Hoja yangu leo ni kwamba elimu hii ni ya kila mzazi, na kwamba tunapomkabidhi mama pakiti ya dawa ya kuongeza maji mwilini bila kumweleza inavyofanya kazi, tunakuwa tumempa nusu ya tiba. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mimi nathubutu kuongeza kuwa amali bila elimu nayo huishia njiani.

Na tuanze na seli yenyewe. Mnamo 1665, Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome la mti litumiwalo kutengenezea vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vidogo vilivyopangana, vikamkumbusha vyumba vya watawa, akaviita kwa jina hilo la vyumba. Tangu hapo wataalamu wamethibitisha kuwa kila kiumbe hai, kuanzia mwani wa baharini hadi binadamu, kimejengwa kwa vijumba hivyo, na kwamba kila kijumba kimezungukwa na utando. Utando huo ni mwembamba kupita kiasi. Unene wake ni kama sehemu saba au nane za milioni moja za milimita, hivi kwamba ingekubidi kupanga maelfu ya tando ndipo uufikie unene wa karatasi ya gazeti. Umefumwa kwa tabaka mbili za mafuta, jambo lililodokezwa na Waholanzi Gorter na Grendel mwaka 1925, na katikati ya mafuta hayo zimechomekwa protini za namna kwa namna. Mafuta ni ukuta. Protini ndizo milango, madirisha na mabawabu.

Sasa twende jikoni. Mpishi akatapo vitunguu na nyanya za kachumbari, akanyunyiza chumvi na kuacha bakuli kwa muda, hukuta maji yamejaa chini ya bakuli ingawa hakuna aliyeyatia. Maji hayo yametoka ndani ya seli za nyanya na vitunguu. Wavuvi wa Lamu na Mombasa wajuao kukausha papa kwa chumvi wanaielewa kanuni hiyo bila kuipa jina. Kinyume chake, maharagwe yaliyorowekwa usiku katika maji matupu huamka yamefura. Kanuni ni moja: maji huvuka utando kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi. Maji, kwa maneno mengine, ni mfuasi. Huenda yaendako chumvi na sukari.

Lakini chumvi na sukari zenyewe haziwezi kupenya ukuta wa mafuta zipendavyo. Ni sharti zipite mlangoni, na mlango una sheria zake. Mnamo 1957, Jens Christian Skou wa Denmaki alieleza juu ya protini inayofanya kazi ya pampu. Leo twajua kuwa pampu hiyo hutoa chembe tatu za sodiamu nje ya seli na kuingiza mbili za potasiamu, usiku na mchana, bila kupumzika. Ugunduzi huo ulimletea Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kwa sababu ya pampu hiyo, sodiamu huwa haba ndani ya seli na tele nje yake, nayo daima hutafuta upenyo wa kurudi ndani. Miaka mitatu baadaye, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague mwezi wa Agosti 1960, Mmarekani Robert Crane alitoa fikira iliyokuja kubadili tiba ya dunia nzima. Alisema kuwa katika seli za utumbo mdogo sukari aina ya glukosi huingia ikiwa imeandamana na sodiamu. Mlango ni mmoja, na wageni ni wawili wawili. Sodiamu ni sehemu moja ya chumvi tunayoila. Ukipeleka sukari peke yake, mlango haufunguki. Ukipeleka chumvi peke yake, vilevile. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wawili hao wakiingia pamoja, maji, yule mfuasi tuliyemtaja, huingia nyuma yao.

Msomaji ataniuliza: yote haya yana uhusiano gani na mtoto anayehara? Chukua mfano wa kipindupindu. Bakteria wa ugonjwa huo hawazitafuni seli za utumbo. Hutoa sumu inayoshikilia wazi milango ya kutolea kloraidi, ambayo ni sehemu ya pili ya chumvi. Kloraidi humwagika ndani ya utumbo, sodiamu ikaifuata, na maji yakazifuata zote mbili. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya aweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa, akafa siku hiyo hiyo kwa kukauka. Hata hivyo, ule mlango wa Crane, wa sukari na sodiamu pamoja, sumu haiugusi. Unabaki mzima. Nyumba inavuja kwa mlango mmoja, na mlango mwingine ungali ukipokea wageni. Hata katika kuhara kunakoletwa na virusi vya rota, ambavyo huharibu baadhi ya seli za utumbo, zile zinazosalia huendelea kufungua mlango huo.

Ushahidi haukukawia. Mnamo 1968, watafiti mjini Dhaka walionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu wakinyweshwa maji yaliyotiwa glukosi na chumvi kwa vipimo maalumu, haja ya kutundikiwa maji ya mshipa hupungua sana. Mwaka 1971 vita vya ukombozi wa Bangladesh vikafukuza mamilioni ya watu hadi India. Katika kambi ya Bangaon, kipindupindu kiliwafagia wakimbizi na maji ya mshipa yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya sukari na chumvi katika mapipa, akawaachia jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia thelathini katika kila wagonjwa mia vikashuka hadi chini ya vinne miongoni mwa waliotibiwa hivyo. Mwaka 1978 jarida la utabibu la Lancet liliandika kuwa huenda ugunduzi huu ndio ulio muhimu kuliko wote wa tiba katika karne ya ishirini.

Ikiwa ni hivyo, mbona watoto wangali wakifa? Kulingana na Shirika la Afya Duniani, kuhara huua watoto zaidi ya laki nne walio chini ya miaka mitano kila mwaka, na chini ya nusu ya watoto wanaohara hupewa dawa hii. Hapa kwetu Kenya, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi, ukafika hadi kambi za wakimbizi za Dadaab. Sukari na chumvi hazikosekani dukani. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni ufahamu.

Nakumbuka swali nililoulizwa na ajuza mmoja wa mtaani kwetu nilipomsihi amnyweshe mjukuu wake. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mtungi uliotoboka ukiuongezea maji, si unazidi kuvuja?" Swali hilo si la kipumbavu hata kidogo, ni la mtu anayefikiri. Nilimjibu, "Nyanya, tundu la mtungi huu hujiziba lenyewe baada ya siku chache. Kazi yetu ni kuhakikisha haukauki kabla ya siku hizo." Ndivyo mambo yalivyo. Seli za utumbo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache, na ugonjwa mwingi wa kuhara huondoka wenyewe. Dawa hii haizibi tundu. Mama asiyeelezwa jambo hilo huona mtoto angali anahara, akadhani amedanganywa, akaitupa pakiti na kukimbilia dukani kununua vidonge vya kuua bakteria, ambavyo mara nyingi havina faida yoyote katika kuhara kwa kawaida.

Aidha, asiyejua kanuni ya utando hudhani kuwa kitamu zaidi ndicho bora zaidi. Humpa mtoto soda au maji ya matunda yaliyokolea sukari, asijue kuwa sukari hiyo nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, kama chumvi ivutavyo maji ya kachumbari. Mwingine huzidisha chumvi kwa nia njema, akamtia mtoto katika hatari kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani liliipunguza nguvu dawa yake: katika lita moja sasa huwekwa gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi za potasiamu na sitreti. Hata yale maji ya mshipa yanayoheshimiwa mno na wagonjwa si maji matupu. Hutiwa gramu 9 za chumvi kwa lita, kwa kuwa maji matupu yakiingia katika damu yangefurisha seli nyekundu hadi zipasuke.

Nchi ya Bangladesh ilitufundisha namna ya kuutoa ujuzi huu maabara na kuufikisha jikoni. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba, wakazifikia familia zaidi ya milioni 12, kuwafunza kina mama kuchanganya chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na konzi ya sukari guru katika nusu lita ya maji. Mwalimu hakulipwa kwa kuhesabu nyumba alizozuru. Alilipwa kulingana na yale ambayo kina mama walikumbuka na kuweza kutenda baada ya yeye kuondoka. Laiti sisi nasi tungewapima walimu na maofisa wetu wa afya kwa kipimo hicho!

Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Pakiti ya zahanati ndiyo bora, ila isome kwanza: zipo za lita moja na zipo za nusu lita, na kukosea maji ni kukosea dawa. Pakiti isipopatikana, twaa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kilichosawazishwa pia. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo, hasa kila baada ya kuhara. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee polepole zaidi. Usikatize maziwa ya mama wala chakula. Maji yaliyosalia baada ya saa 24 yamwagwe. Mpe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekeza mhudumu wa afya. Ukiona damu katika choo, au macho yamezama, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, usingoje. Mpeleke hospitalini, ukiendelea kumnywesha njiani iwapo angali anaweza kumeza.

Naziomba basi wizara mbili, ya elimu na ya afya, ziketi meza moja. Somo la seli lifundishwe kwa namna ambayo mtoto ataweza kurudi nyumbani na kulisimulia kwa Kiswahili au kwa lugha ya mamaye, akiwa na bakuli la kachumbari mbele yake. Wahudumu wa afya wa nyanjani waongezewe, pamoja na pakiti, maneno ya kuielezea. Isiwe aibu kwa mtaalamu kutamka "mlango" na "mfuasi" mahali pa majina marefu ya kitabuni, mradi mama ameelewa.

Wahenga walituambia kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kwa mwili wa mtoto anayehara, maji yaliyomwagika huzoleka, mradi aliye karibu naye awe anajua ni mlango upi uliobaki wazi.