Nyumba ya Uzeeni: Mlimani au Kando ya Barabara?

Barabara itokayo mjini Morogoro kupitia Sangasanga na Mzumbe hufika Mlali kabla haijaanza kupanda kuelekea Mgeta. Hapo tambarare hukutana na Milima ya Uluguru, na hapo wengi waliozaliwa milimani wakafanya kazi mijini hukabiliwa na swali moja: baada ya kustaafu, nyumba ya uzeeni ijengwe wapi?

Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na umri wa miaka 60. Sehemu ya mafao hulipwa kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mara nyingi mkupuo huo ndio unaojenga nyumba. Anayekosea mahali pa kujenga hapati mkupuo wa pili.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu mwenye shinikizo la damu, ambaye mkewe anaumwa magoti. Mgeta huwapa hewa ya baridi, mbu wachache na ndugu wa karibu. Lakini njia ni za miteremko, huteleza wakati wa masika, na mgonjwa wa ghafla hushushwa kwa shida. Mlali ina joto zaidi na malaria zaidi, ila gari hupatikana na huduma za afya zi karibu. Morogoro mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini gharama za maisha ni kubwa, na jirani huenda asijue kwamba mzee wa nyumba ya pili hajatoka nje tangu jana.

Swali hili si la Uluguru pekee. Mwaka 1986 serikali ya Japani ilipendekeza wastaafu wake wakaishi nchi za nje. Mpango huo ulilaumiwa kwamba unasafirisha wazee kama bidhaa, na msisitizo ukahamia kwenye ukaaji wa muda mrefu usio wa kuhama moja kwa moja. Malaysia ilipofungua milango yake kwa mpango wa viza wa mwaka 2002, Wajapani kadhaa walivutiwa na miinuko ya Cameron Highlands kwa sababu ya ubaridi wake, sawa na anayeitamani Mgeta. Baadhi yao hupanga badala ya kununua, hukaa kwa msimu, na hurudi kwao afya inapodai uangalizi wa karibu. Funzo lake ni jepesi: ishi mahali kwanza, masika na kiangazi, ndipo ujenge.

Kwa Waluguru kuna jambo jingine. Ardhi ya ukoo, yaani lukolo, hufuata upande wa mama. Mwanamume aliyejenga katika ardhi ya ukoo wa mkewe huweza kujikuta mgeni mkewe akitangulia kufariki. Mazungumzo na wazee wa ukoo, pamoja na hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni kinga ya afya pia. Mzee aliyehamishwa katika nyumba yake hupoteza usingizi, dawa na watu wa kumwangalia kwa pamoja.

Popote ijengwapo, nyumba ya mzee ina masharti yake. Choo kiwe karibu na chumba cha kulala, chenye sakafu isiyoteleza na mahali pa kushika. Vizingiti na ngazi vipunguzwe, taa iwepo usiku, jiko la kuni liwe na njia ya kutoa moshi, na chandarua kitumike kila siku. Simu ya dereva ijulikane mapema, kwa kuwa tiba ya kiharusi huhesabiwa kwa saa.

Kwa mhudumu wa afya, mgonjwa wa shinikizo la damu asiyefika kliniki si lazima awe mzembe. Pengine ni kilima kilichomzuia. Kabla ya kumkemea, aulizwe: unaishi wapi, unaishi na nani, na hapa umefikaje? Majibu hayo yaandikwe kwenye jalada pamoja na kipimo cha shinikizo. Yanaweza kuonyesha kwamba anahitaji dawa za muda mrefu zaidi kwa safari moja, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kumtembelea.

Aliye na miaka 50 leo bado ana nafasi ya kuchagua kwa utulivu. Na achague akiwa na nguvu, kwa ajili ya siku atakayokuwa hana.