Funksheni safi (Lisp)
Funksheni safi ni funksheni ya programu ambayo, ikipewa thamani zilezile, hurudisha jibu lilelile kila mara, wala haibadilishi kitu kingine chochote. Katika Lisp, lugha ya programu iliyobuniwa na John McCarthy nchini Marekani mwaka 1958, usafi huo huiwezesha kompaila kufanya sehemu ya hesabu kabla programu haijaanza kuendeshwa.

Steel Bank Common Lisp (SBCL), iliyotokana na CMUCL mwaka 1999, ikikuta (+ 2 3) huweka 5 moja kwa moja. Lakini usafi una ngazi zake. CONS, inayounda jozi ya thamani mbili, haiharibu kitu. Kwa hiyo jibu lake lisipotumika, kompaila inaweza kuifuta. Hata hivyo haiwezi kuikokotoa mapema, kwa sababu kila inapoitwa lazima itoe jozi mpya. Jozi moja ikitumiwa mara zote, badiliko la mahali pamoja lingejitokeza pote, na kosa la namna hiyo ni gumu kulitafuta.

Kwa (/ 1 0) SBCL hutoa onyo tu, kisha huiacha hesabu hiyo hadi programu itakapoendeshwa. Huenda mstari huo usifikiwe kamwe.